Mfagia Njia wa Lango la Magharibi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kugombana na mti kwa sababu ya kumwaga majani. Sizui. Nilikuwa nimesimama palepale na kopo langu la rangi mkononi. Alikuwa amemaliza kufagia njia, hatua mia tatu na sitini kutoka lango la magharibi mpaka kwenye kijito, akageuka kuitazama kazi yake, na mti mmoja ukaangusha majani kama ishirini hivi. Akauambia kwa sauti ya chini, kama anavyokanywa mtoto wa jirani, "Wewe naye." Kisha akarudi kuyafagia.

Msitu wenyewe ni wa hifadhi. Uliachwa pale wakati mji ulipokuwa mdogo, na sasa mji umeuzingira pande zote. Ukitoka lango la magharibi, ambako shemeji alikuwa mlinzi, unakutana na mtaa wa gereji. Kushoto kuna ukuta wa kiwanda cha magodoro, kulia kuna uwanja wa mama muuza mkaa na nyumba za kupanga. Hata ukiwa ndani kabisa, penye kijito, unaisikia mashine ya magodoro ikihema. Watu huja Jumapili kutembea, wachumba huja siku nyingine yoyote, na wote hurudi wakisema hewa ni nzuri.

Kabla ya hapo shemeji alikuwa msafishaji hospitalini, wodi ya upasuaji, kwa miaka kumi na minne. Huko alifundishwa kwamba sakafu inayong'aa bado haijawa safi, kwamba kila taka ina mahali pake, na kwamba shimo la taka hunyunyiziwa chokaa kila Jumamosi. Hospitali ilipokabidhi usafi kwa kampuni, manispaa ikamwambia achague: sokoni, makaburini au msituni. Akachagua msitu, akidhani huko hakuna cha kufagia. Dada husimulia kwamba siku ya kwanza, alipouona ule wingi wa majani, alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mlinzi akashika tama. Kesho yake akafunga ufagio mrefu wa vijiti, na tangu siku hiyo njia ikawa inafagiwa kabla jua halijatoka. Haikuwa kwenye mkataba wake wala hakuna aliyemtuma. Mkuu wa msitu alipita mara moja kwa mwaka, akasema njia inapendeza, na shemeji akashiba sifa hiyo mpaka mwaka mwingine.

Mtaani wakamwita Mzee Fagio. Dada, aliyekuwa akivua viatu kwenye mlango wake mwenyewe na kunawa mikono mara mbili kabla ya kugusa sufuria, alikuwa akisema yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na hospitali. Walipendana lakini. Namsema kwa sababu ni shemeji yangu na haki hiyo ninayo. Mgeni akijaribu tutakosana.

Mimi ni mchora mabango. Kibao kikubwa cha lango lile ni kazi yangu: kichwa cha paa, yule mnyama mdogo wa msituni mwenye miguu myembamba na woga mwingi, na chini yake maneno ya kuwaomba watu wasitupe taka. Kipande cha magharibi kilizungushiwa ua zamani kwa ajili ya paa, ndiyo maana ya picha ile. Mimi paa sijapata kumwona, kwa hiyo nilimwazima mbuzi wa mama muuza mkaa, nikamtazama asubuhi nzima, nikampunguza tumbo na kumnyoa ndevu. Mafundi gereji walisema nimechora mbuzi aliyefiwa.

Kila siku saa kumi na mbili jioni, lango likishafungwa, shemeji aliketi mezani na daftari la manispaa. Lilikuwa na safu tatu zilizopigwa chapa: Wageni, Uharibifu, Paa. Kwenye safu ya tatu, kwa ule mwandiko wake uliosimama wima, aliandika neno moja: Hakuna. Aliandika hivyo kwa miaka kumi na tisa. Nilimtania kwamba aagize muhuri apumzishe mkono, naye hakucheka. Daftari kwake lilikuwa sawa na cheti cha mgonjwa, na cheti cha mgonjwa hakiandikwi kwa kubahatisha.

Kitu kimoja tu kilimharibia asubuhi zake, nacho ni mbuzi. Mama muuza mkaa alikuwa na mbuzi watano, na ua wa msitu una matundu. Karibu kila alfajiri, pale penye mchanga karibu na kijito, shemeji alikuta alama za kwato na kirundo cha vidonge vya kinyesi, tena mahali palepale, kana kwamba wameonyeshwa choo. Aliona ni dharau. Akafagia, akazoa, akaenda kusema na mwenye mbuzi, mwenye mbuzi akasema mbuzi wake wanalala ndani. Maneno yakazaa maneno mpaka shemeji akampeleka ofisi ya mtaa, na ofisi ikamwamuru mama yule awaondoe mbuzi. Vidonge havikukoma. Shemeji akakata shauri kwamba mama anawaficha mbuzi nyumbani mchana na kuwaachia usiku, akaacha kumsalimia. Kwa miaka miwili alipita mbele ya uwanja ule akiukodolea macho ukuta wa kiwanda.

Basi, ikaja barua. Manispaa ilitaka mahali pa kuegesha malori, na macho yao yalikuwa kwenye kipande cha magharibi, chote, pamoja na njia, kijito na nyumba ya mlinzi. Lakini kwa kuwa kipande kile kiliwekwa kwa ajili ya paa, sheria iliwalazimu kwanza kuhakikisha. Zilitolewa siku arobaini. Mtafiti angekuja kila wiki kutafuta dalili. Akipata ushahidi kwamba paa bado wapo, malori yatatafutiwa kwingine. Asipopata, mashine zinaingia. Na barua iliongeza, kwa kiburi kile cha watu wenye muhuri, kwamba kwa mujibu wa daftari la mlinzi mwenyewe, paa hawajakuwepo kwa miaka kumi na tisa.

Shemeji aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne. Dada akauliza watahamia wapi, maana ilibaki miaka mitatu tu shemeji astaafu na chumba chochote cha kupanga kingekuwa kidogo kwa usafi wa mume wake. Shemeji aliitia barua mfukoni. Alisema, "Wanaukata kwa mwandiko wangu." Kisha akachukua ufagio, ingawa ilikuwa saa nane mchana, akaenda kufagia tena njia iliyokuwa tayari safi.

Mimi nilikuwa na dawa, na niliitoa bila aibu. Nilimwambia aandike leo paa mmoja, kesho kutwa wawili, wiki ijayo mmoja tena na mtoto wake, mambo yaishe. Nani atakuja kuwahesabu? Alinitazama kama mtu aliyeingia wodini na viatu vyenye matope. Akaniambia kwamba amekuwa msafishaji maisha yake yote, na watu humdharau msafishaji kwa mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Jioni ile akaandika Hakuna.

Mtafiti akaja. Alikuwa binti mwembamba, mpole, wa chuo kikuu, mwenye kofia pana na begi lililomzidi uzito. Alimwita shemeji mzee, akamweleza kwamba paa ni mnyama wa kujificha, mtu anaweza kuishi naye miaka asimwone, kwa hiyo yeye hatafuti paa, anatafuta alichoacha: nyayo na kinyesi. Kamera aliziomba, akaambiwa zinakuja. Kichaka kilikuwa kimefungamana, sungura angepita kwa taabu, hivyo alitegemea njia, kwa sababu hata mnyama hupenda njia nyepesi. Akaitembea yote, akachuchumaa kwenye mchanga wa kijito, akainuka, akaandika. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu aliisifu njia kwa usafi wake, na shemeji, nisamehewe kwa kusema hivi, akafurahi.

Wiki ya nne nilishindwa kuvumilia. Nina karakana ndogo ya mbao za vibao, nina patasi, nina mikono. Nilichukua kitabu cha shule chenye picha za nyayo za wanyama, nikachonga kwato nne za mti mgumu, ndogo, zenye ncha mbili, nikazipigilia kwenye vijiti. Najivunia kazi ile mpaka leo, Mungu anisamehe. Alhamisi jioni, lango lilipofungwa na shemeji akiwa ndani anakula, niliruka ua upande wa gereji, nikaenda mpaka kijitoni. Nikazikandamiza kwato kwenye mchanga laini, moja mbele, moja nyuma, kutoka kichakani, kuvuka njia, mpaka majini. Nilirudi nikikanyaga nyasi tu. Ijumaa saa tatu mtafiti angekuja, na mimi ningekuwa hapo nikirekebisha rangi ya kibao, nione furaha ya watu wangu.

Ijumaa saa tatu nilikuwepo. Mtafiti akatembea, shemeji nyuma yake, mimi nyuma ya shemeji na brashi ambayo haikuwa na kazi yoyote kule. Tukafika kijitoni. Mchanga ulikuwa na mistari mizuri ya ufagio, imelala sambamba, kutoka kichakani mpaka majini. Hakuna kwato hata moja. Mtafiti akachuchumaa, akainuka, akaandika. Akamwambia shemeji kwa upole kwamba zimebaki siku kumi na mbili na moyo wake unaanza kukata tamaa.

Alipoondoka nilibaki nimesimama mbele ya nyumba ya mlinzi kama mtu aliyeibiwa. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Mwisho nikasema, "Shemeji, umefagia nyayo."

"Nyayo gani?"

Ikabidi nimwage yote. Nilizitoa kwato mkobani, nikamweleza, nikajiandaa kutukanwa, na nilistahili. Hakunitukana. Alichukua ukwato mmoja, akauzungusha mkononi, akainama, akaukandamiza kwenye udongo laini kando ya ngazi. Akaitazama ile alama kwa muda mrefu hata nikaanza kuogopa. Dada alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Hizi nimeziona," shemeji akasema.

"Jana jioni, ndizo zangu."

"Zako sikuzitambua, nilizifagia pamoja na nyingine. Hizi naziona kila siku, shemeji. Naziona kila siku na nazifagia. Si za mbuzi?"

Alivaa kofia yake, akavuka barabara, nami nikamfuata. Mama muuza mkaa alikuwa akipima mkaa kwenye ndoo, mikono myeusi mpaka viwikoni. Shemeji akapiga hodi kwenye geti ambalo halikuwa limefungwa. Mama akaendelea kupima. Shemeji akamwamkia, mama akaitikia kwa neno moja kavu. Akamuuliza mbuzi wako wapi.

"Niliwauza," mama akasema. "Ulinipeleka ofisi ya mtaa, au umesahau? Niliwauza wote watano wiki ileile. Mwaka juzi, kabla ya mvua."

Nilimtazama shemeji akihesabu. Mwaka juzi kabla ya mvua. Na leo alfajiri pia kulikuwa na vidonge. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa sauti. Akaomba msamaha, si kwa maneno ya mzunguko, alisema tu kwamba amemkosea na kwamba alimfanya aondoe mbuzi wake bure. Mama akaweka ndoo chini. Alisema wale mbuzi ndio waliokuwa wakimsomeshea binti yake, na kwamba maneno hayo angeyataka miaka miwili iliyopita. Kisha, labda kwa sababu shemeji alikuwa amesimama kwa unyonge kweli, akalegea kidogo. Alisema, "Miaka miwili unapita hapa umegeuza uso ukutani. Nilidhani una ugonjwa wa shingo." Mimi nilicheka. Shemeji hakuweza.

Jioni ile aliketi mbele ya daftari mpaka chai ikapoa. Hakuandika. Aligeuza kurasa kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka, Hakuna, Hakuna, Hakuna, zote zimesimama wima kama askari. Nilijaribu kumpoza. Nikamwambia hakujua, kosa la kutojua si kosa.

"Mimi sikuandika kwamba sijui," akasema. "Niliandika hakuna. Miaka kumi na tisa nimeandika uongo, tena kwa mwandiko mzuri."

Akalifunga daftari.

Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kesho hatafagia. La pili, mtafiti ataombwa aje mapema, Jumatatu, aambiwe habari za zile kwato za mti. Hapo nilisimama. Nilimwambia sasa paa wapo, nyayo za kweli zitajiandika zenyewe, mtafiti atazikuta, msitu utapona, nani ana haja ya kujua kuhusu kwato zangu? Nimezichoma, tuseme. Hazijawahi kuwepo.

"Utanichongea, shemeji," nikamwambia.

"Si wewe uliyechonga?" akajibu, na hapo nilijua mjadala umekwisha.

Siku mbili zile alikuwa mgonjwa. Dada alisema alifagia baraza mara nne, akafagia chumba kisichokaliwa na mtu, akasimama dirishani na mikono nyuma akiyatazama majani yakijilundika njiani. Jumamosi asubuhi hapakuwa na kitu. Jumapili alfajiri zilikuwepo, kwenye mchanga, ndogo, nyepesi, kama mtu aliyegusa unga kwa ncha za vidole. Na pembeni yake kirundo. Alinitumia ujumbe wa neno moja: Njoo. Nilipofika alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, ameweka mikono magotini ili isiguse kitu. Nilijisikia vibaya, kwa sababu kwato zangu, nilizojivunia sana, zilikuwa kubwa mno na zimezama mno. Mtoto angegundua.

Jumatatu mtafiti akaziona. Uso wake ulifunguka, akatoa rula, akatoa daftari. Shemeji akamwambia, "Subiri kwanza, binti." Akaturudisha nyumbani kwake, akamweleza yote mbele yangu na kumwekea kwato nne juu ya meza. Yule binti alizitazama, akanitazama mimi, akakaa.

"Mzee, ungenyamaza tu, leo ningeandika," akasema.

"Najua."

"Sasa siwezi kuandika unyayo hata mmoja. Kamati ya manispaa ikiuliza, nikasema kulikuwa na mtu mwenye kwato za mti, watazikataa zote. Nikificha, mimi ndiye mwongo."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amelijua hilo tangu Ijumaa. Ndipo mimi nilipolijua pia, na nikaona nilichofanya: nilichukua kitu cha kweli kabisa nikakitia doa, kwa mapenzi yangu. Mtafiti akasema kinabaki kinyesi, maana hicho hakichongwi, lakini kirundo kimoja cha jana na siku tisa zilizobaki havitoshi. Watasema ni mnyama mmoja aliyepotea njia, au mbuzi wa mtu. Kamati ilitaka kuona kwamba wanaishi hapa. Alitaka miezi, hakuwa nayo.

Akaanza kukusanya vitu vyake. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, "Hivyo vidonge ulivyokuwa unazoa, mzee, ulikuwa unavitupa wapi?"

Shemeji nadhani aliona haya. Dada ndiye aliyejibu kutoka jikoni.

"Kwenye shimo langu. Kwani mboga zangu mnadhani zinanawiri kwa maombi?"

Tukaenda nyuma ya nyumba. Shimo lile ni la kina cha kifua, limechimbwa kwa pembe nne sawasawa, maana ni la mtu wa hospitali. Kila mwanzo wa mwaka dada hulikomba lote kuwa samadi ya bustani, na linaanza upya. Shemeji humwaga humo alichofagia kila siku, na kila Jumamosi, bila kukosa, hunyunyiza chokaa. Mtafiti aliomba sepetu. Alikata upande mmoja wa lile rundo wima, taratibu, kama keki, kisha akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

Kulikuwa na mistari myeupe. Mmoja juu ya mwingine, kutoka juu mpaka chini, mstari wa chokaa, tabaka la majani na mchanga, mstari wa chokaa. Wiki baada ya wiki. Shemeji aliweza kuzitaja: hapa palikuwa na mvua kubwa, hapa wale wachumba waliacha maganda ya karanga, hapa niliugua nikafagia nusu. Binti akaingia shimoni na kijiko cha dada na bahasha zake. Tuliketi ukingoni mpaka saa tisa, dada akiandika namba kwenye bahasha, mimi nikishika futi ya fundi, shemeji akimpokea kila kijiko kwa mikono miwili. Wiki thelathini na moja. Katika thelathini alikuta vidonge, vidogo kuliko vya mbuzi, vyenye ncha upande mmoja. Ile moja iliyokosa ni ile aliyougua.

Mama muuza mkaa alikuja siku ya kamati, hakuitwa na mtu. Alileta karatasi ya ofisi ya mtaa, ile ya mashitaka ya shemeji, iliyogongwa muhuri na tarehe, yenye maneno kwamba mshitakiwa ameondoa mbuzi wote. Aliisoma kwa sauti, polepole, hasa pale palipo jina la mshitaki. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo, na simlaumu.

Kamati ilimuuliza shemeji swali moja tu la maana: daftari lake linasema hakuna, shimo lake linasema wapo, waamini lipi? Alisimama na kofia mkononi. Alisema waamini shimo, kwa sababu daftari aliliandika mtu aliyedhani anajua. Mmoja wao akamuuliza kama anaelewa kwamba hilo ni kosa la kikazi. Akasema anaelewa.

Malori yalipelekwa kwingine. Shemeji alipata barua ya onyo, akaikunja mara nne na kuiweka pamoja na ile ya kwanza. Mimi nilifutwa kwenye orodha ya wachora mabango wa manispaa, na nililalamika sana nyumbani, ingawa kila mtu aliona kwamba nimepewa kidogo kuliko nilichostahili. Kibao cha paa hawakukiondoa. Bado kinafanana na mbuzi aliyefiwa.

Njia ile sasa haifagiwi. Majani yanafika kwenye vifundo, na wageni wa Jumapili wanalalamika kwamba hifadhi imetelekezwa, enzi za Mzee Fagio ilikuwa safi. Yeye yupo langoni akiwasikia, na anawafungulia lango. Lakini mikono iliyofagia maisha yote haikai hivi hivi. Kila alfajiri anavuka barabara na ufagio wake, anafagia uwanja wa mama muuza mkaa, ambao kwa kawaida ya mkaa hauwezi kuwa safi hata siku moja. Hakuombwa. Mama siku za kwanza alimwangalia tu, siku hizi anamwachia chai juu ya gunia.

Mwezi uliopita, jioni, nilimkuta mezani. Asubuhi ile nyayo zilikuwa zimefika mpaka bustani ya dada, na nusu ya mboga ilikuwa imeliwa, na dada alikuwa akimsema paa kwa lugha ambayo siwezi kuiandika. Shemeji alijaza Wageni, wanne. Akajaza Uharibifu, mboga za mke wangu. Kwenye safu ya tatu akaandika: Sikuona.

Nilimuuliza, baada ya yote hayo, baada ya kamati na shimo na mboga za dada, kwa nini haandiki tu kwamba yupo.

Akafuta kalamu kwa kitambaa, akaifunga. "Sijamwona bado, shemeji," akasema.